Bonde linalofurika lichorwe ramani mbili: jibu kwa mjumbe wa kamati ya ardhi, Kilombero

Swali: Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Matumizi ya Ardhi katika kijiji kimoja wilayani Malinyi, upande wa bonde la mto Kilombero. Mpango wetu wa miaka kumi umefikia ukomo na halmashauri inatutaka tuandae mwingine. Tuna wakulima wa mpunga, wafugaji waliohamia na ng'ombe wao, na wavuvi wa mabwawani. Wakulima wanataka kushuka zaidi bondeni, wafugaji wanalia malisho, maofisa wanasema bonde lote ni hifadhi. Mstari tuuchore wapi? Ng'ombe tuweke wangapi? Na kulima bondeni ni kosa?

Jibu: Ndugu mjumbe, mipango mingi ya vijiji vya bondeni hukwama kwa sababu ilichorwa juu ya ramani moja, na ramani hiyo ilipimwa kiangazi. Wataalamu hufika Agosti au Septemba kwa kuwa ndipo barabara zinapopitika. Wakati huo bonde ni kavu, nyasi zimetanda hadi ukingo wa mto, na ni rahisi kukata eneo kubwa na kuliandika "malisho". Ikifika Machi maji yanapanda. Malisho yale yamezama, ng'ombe wamesogea juu, na huko juu mahindi na ufuta viko shambani. Hakuna aliyevunja mpango. Ni mpango wenyewe uliosahau miezi mitano ya mwaka. Kwa hiyo kabla ya kubishana mstari upite wapi, kubalianeni kwamba kijiji chenu kitakuwa na ramani mbili, ya masika na ya kiangazi, na kila eneo litaandikiwa matumizi yake kwa majira yote mawili.

Lakini kwanza sheria, kwa sababu kuna mpaka msioweza kuusogeza hata mkikubaliana kijiji kizima.

Bonde la Kilombero liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2002, likiwa na ukubwa wa hekta 796,735. Hadhi hiyo peke yake haimkatazi mtu kulima wala kuchunga. Mkataba wa Ramsar unataka matumizi endelevu, na ndiyo maana miji na vijiji vimo ndani ya eneo hilo. Kinachokataza ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Zamani sehemu ya kati ya bonde ilikuwa Pori Tengefu (eneo la uwindaji unaodhibitiwa), na mwaka 2023 Kilombero ikatangazwa kuwa Pori la Akiba. Ndani ya pori la akiba hakuna kulima, hakuna kuchunga, hakuna kujenga, na mifugo inayokamatwa humo inaweza kutaifishwa kwa amri ya mahakama. Sasa angalieni mpango wenu unaokwisha: uliandaliwa kabla ya tangazo hilo. Inawezekana kabisa kwamba eneo mliloliita malisho miaka kumi iliyopita leo liko ndani ya pori. Msinakili ramani ya zamani kwenda kwenye mpya.

Ombeni kwa maandishi, kupitia mkurugenzi wa halmashauri, koodineti za mpaka zilizo kwenye tangazo la serikali. Ombeni pia Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, watume mtu mtembee naye mpaka huo kabla ya mkutano wowote wa kugawa maeneo. Mkiona mpaka unaingia kwenye ardhi iliyo kwenye Cheti cha Ardhi ya Kijiji chenu, hilo ni suala la kulipeleka kwa mkuu wa wilaya na kwa Kamishna wa Ardhi, likiwa na cheti na ramani ya upimaji. Msijaribu kulimaliza kwa kuchora tu mstari mnaoutaka. Mpango usiotambuliwa na TAWA hauwezi kumlinda mfugaji siku ng'ombe wake wanapokamatwa, na aliyeaminishwa kuwa eneo ni halali ndiye anayeumia zaidi.

Mpaka wa pili ni wa maji. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kwenye mto wa milimani ukingo unaonekana. Kwenye bonde lenu mto una mikono mingi, na kila mtu ataonyesha ukingo unaompendeza. Mwalikeni mtaalamu wa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji aweke alama wakati wa kiangazi, kwenye bega la mkondo, pale udongo unapovunjika kushuka majini. Kupima kutoka ukingo wa mafuriko kungefuta mashamba yote ya mpunga ya kijiji, na kupima kutoka maji ya Oktoba kungemruhusu mtu alime kitandani mwa mto.

Nje ya mipaka hiyo miwili, kulima mpunga bondeni kwenye ardhi ya kijiji si kosa. Ni suala la kijiji kupanga, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007.

Sasa kazi yenyewe ya ramani. Kateni mistari ya kutembea kutoka vilimani hadi mtoni, mmoja kila mita 500, na ipitieni mara mbili: Aprili, maji yakiwa juu, kwa miguu na kwa mtumbwi; kisha mwishoni mwa Septemba. Kila mahali maji yanapoanza, chukueni alama ya GPS. Nendeni na wazee, mvuvi mmoja, mchungaji mmoja (mchungaji hasa, anayeshinda na ng'ombe, si mwenye mifugo tu) na wanawake wanaochota maji na kukata ukindu. Watawaonyesha maji yalifika wapi mwaka wa El Nino wa 1997/98 na masika ya 2024. Hapo mtapata mistari mitatu: maji ya kiangazi yasiyokauka, maji ya kila mwaka, na maji ya miaka mibaya. Nyumba, shule, josho na ghala visijengwe chini ya mstari wa tatu hata kidogo.

Penye utata, mimea na udongo vitawasaidia. Mafunjo na matete yanaonyesha maji karibu mwaka mzima. Chimbeni shimo la sentimita 50: udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu hukaa na maji miezi mingi, hata kama juu umepasuka kwa ukavu. Udongo mwekundu au wa kahawia usio na madoa uko nje ya maji ya kawaida.

Kuhusu GPS, kuna kosa dogo linalozua kesi kubwa. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu na GPS za mkononi hutumia mwingine, WGS 84. Mkihamisha namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kuzibadilisha, mpaka unahama karibu mita 300. Bonde lenu lina tatizo la ziada: mstari wa longitudo 36 unapita kati ya Mlimba na Malinyi, na hapo ndipo kanda ya 36 ya UTM (mfumo wa ramani unaogawa dunia kwa kanda) inapoishia na ya 37 kuanza. Namba zilizosomwa kwa kanda isiyo yake zinamtupa mtu mbali kabisa. Kila koodineti iandikwe na mfumo wake na kanda yake. GPS ya mkononi hukosea mita tatu hadi tano, jambo linalovumilika kwa eneo la malisho lakini si kwa mpaka wa jaruba (kitalu cha mpunga chenye matuta) la mtu na jirani yake.

Mkishapata mistari, mtaona kwamba sehemu inayogombewa na wote ni ukanda mwembamba wa ukingo, kati ya maji ya kila mwaka na miyombo, yaani msitu wa juu. Mpunga unastawi hapo kwa sababu maji yanafika bila kuzamisha. Ng'ombe wanakimbilia hapo masika. Sheshe, yule swala wa bondeni ambaye Kilombero iliwahi kuhesabiwa kuwa makao ya sehemu kubwa ya sheshe wote duniani, naye husukumwa na mafuriko kuja kwenye ukingo huohuo. Ukanda huu ukilimwa wote bila kuachwa pengo, mnyama na mfugo hawana pa kupita kati ya juu na chini, na hapo uhifadhi wa katikati ya bonde unabaki jina. Kama kuna sehemu moja ya kutumia muda wenu wa mikutano, ni hii. Msiutenge wote kuwa shamba wala wote kuwa hifadhi. Acheni mapengo yanayotoka miyomboni hadi bondeni, yakifuata vijito, kwa sababu vijito tayari haviruhusiwi kulimwa na vina kivuli na maji. Mapito ya ng'ombe yasiwe chini ya mita 30, na yanapopita kati ya mashamba ya mpunga pande zote mbili yawe 50. Kundi la ng'ombe 100 halitembei kwa mstari. Pito la mita 15 ni shauri la mazao lililopangwa mapema.

Tuje kwenye idadi ya ng'ombe. Hesabu yake kijiji kinaweza kuifanya chenyewe. Chukueni fremu ya mraba ya mita moja kwa mita moja, iwekeni sehemu zisizopungua 20 bila kuchagua pazuri, kateni nyasi sentimita tano kutoka ardhini, zianikeni hadi uzito usishuke tena, kisha pimeni. Gramu za wastani zidisheni mara kumi, mnapata kilo za nyasi kavu kwa hekta. Gramu 200 ni kilo 2,000 kwa hekta. Si nyasi zote za kuliwa: nyingine hukanyagwa, nyingine lazima zibaki ili mizizi ipone. Juu vilimani hesabuni asilimia 30, bondeni asilimia 40. Mnyama wa kipimo ana kilo 250 na hula asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25. Ng'ombe wa asili mmoja ni sawa na 0.7 ya kipimo hicho. Mbuzi au kondoo ni 0.1.

Tuseme, kwa mfano, mna hekta 1,200 za malisho bondeni zinazotoa kilo 4,000 kwa hekta, zinazotumika siku 150 za kiangazi. Nyasi za kuliwa ni kilo 1,920,000. Mnyama mmoja wa kipimo anahitaji karibu kilo 938 kwa siku hizo. Bonde linabeba wanyama wa kipimo 2,000 na ushei. Juu mna hekta 500 za kilo 2,000 kwa hekta, za kutumika siku 215 zilizobaki. Nyasi za kuliwa ni kilo 300,000, na kila mnyama anahitaji karibu kilo 1,344. Zinatosha wanyama 223, sawa na ng'ombe wa asili kama 320. Uwezo wa kijiji ni huo 320, si ule wa bondeni. Anayehesabu kwa nyasi za Agosti atakaribisha ng'ombe karibu 3,000, na kila masika atauliza kwa nini kuna ugomvi. Ndiyo maana ninasisitiza malisho ya juu. Kila hekta ya mwinuko mnayoigawa kwa shamba jipya inapunguza idadi ya ng'ombe wa mwaka mzima, hata kama bondeni kuna nyasi za kufika kiunoni.

Wafugaji wengi wa Kisukuma waliohamia bondeni wanaujua ngitili, eneo la nyasi linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa penye uhaba. Kwenu uhaba uko masika, kwa hiyo ngitili ya mwinuko ifungwe kuanzia mvua za kwanza za Novemba hadi maji yatakapowatoa ng'ombe bondeni, kwa kawaida mwezi Machi. Isimamiwe na wafugaji wenyewe. Na iandikiwe hati: kikundi cha wafugaji kinaweza kupewa hati ya haki miliki ya kimila ya pamoja. Huko Kiteto, vijiji vilivyoungana chini ya jina la OLENGAPA viliandaa mpango wa pamoja wa malisho unaovuka mipaka ya vijiji na kumilikisha eneo hilo kwa chama chao cha wafugaji. Kama jirani yenu ana mwinuko na nyie mna bonde, ombeni mpango wa pamoja. Sheria ya 2007 inauruhusu.

Ng'ombe kushuka bondeni kusipangiwe tarehe ya kalenda. Mpunga uliopandwa mapema huvunwa Mei, wa kuchelewa hubaki shambani hadi Julai, miaka mingine Agosti. Mkiandika "tarehe 1 Juni", mwaka wa mvua ndefu mtaingiza ng'ombe kwenye mpunga. Andikeni badala yake kwamba halmashauri ya kijiji hutangaza ufunguzi, kitongoji kwa kitongoji, kwa taarifa ya siku 14, baada ya kukagua mavuno. Wekeni pia kikomo cha mkulima: anayepanda baada ya tarehe fulani iliyotangazwa alinde shamba lake mwenyewe, la sivyo mtu mmoja atalifungia bonde zima. Baada ya mavuno, mabua ya mpunga yaliwe na mifugo kwa makubaliano. Ni chakula kizuri, na samadi inabaki jarubani. Mazao yakiliwa, afisa kilimo wa kata apime eneo lililoharibiwa siku hiyohiyo, kabla upande wowote haujaongeza chumvi, na fidia ihesabiwe kwa mavuno ambayo shamba lingetoa.

Kwa wakulima wanaotaka kushuka zaidi, swali la kuwauliza ni wanavuna gunia ngapi pale walipo. Jaruba lisilosawazishwa hupoteza mpunga pande zote mbili, huku juu ukikauka, kule chini ukizama. Matuta ya sentimita 30 hadi 40, jaruba lililosawazishwa, miche ya siku 21 kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 20, palizi mbili kwa wakati, na mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 kwa ekari ukigawanywa mara mbili, hutoa mavuno makubwa kuliko ekari ya pili iliyorushiwa mbegu tu bondeni. Ila msipeleke mbegu ya kisasa ya SARO 5 kila mahali. Ni mpunga mfupi, na maji yakizidi kimo chake kwa siku kadhaa unaoza. Kwenye maji marefu kaeni na mbegu ndefu za kienyeji. Mwinuko wa shamba ndio uchague mbegu. Ulizeni kituo cha Ifakara cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kabla ya kununua.

Kitu cha kukataza bila kuyumba ni mfereji wa kutoa maji bwawani. Hauhitaji trekta, watu watano wenye majembe wanaweza kuufungua kwa siku chache. Maji yakishaanza kutoka yanachimba yenyewe, mfereji unakuwa korongo, bwawa linakauka Septemba badala ya kubaki hadi mvua, na samaki waliokuwa wamejificha humo ndio mbegu ya mwaka unaofuata. Kambale, perege na wenzao huingia bondeni maji yanapopanda, wakazaa kwenye nyasi zilizofunikwa. Kwa hiyo midomo ya vijito isizibwe kwa nyavu wala uzio kuanzia maji ya kwanza hadi kilele cha mafuriko. Kiangazi, chagueni angalau mabwawa mawili yasiyokauka yasivuliwe kabisa. Kokoro, vyandarua na utupa (sumu ya mimea ya kuulia samaki) vipigwe marufuku kwa jina kwenye sheria ndogo. Msiandike tu "uvuvi haramu".

Moto nao upangwe. Uchomaji wa mapema, Juni hadi Julai, kwa vipande na asubuhi nyasi zikiwa na unyevu, huacha chipukizi kwa ng'ombe na sheshe. Moto wa Oktoba hupanda miyomboni na kuua miche.

Hatua rasmi mnazijua: maandalizi ya wilaya, tathmini shirikishi, upimaji na ramani, mpango wenyewe, utoaji wa hati, kisha usimamizi wa kina. Vijiji vingi huishia hatua ya tano kwa sababu fedha za mradi huishia kwenye hati, na hatua ya sita ndiyo yenye ngitili, mapito na kalenda ya bonde. Tengeni fedha zake tangu mwanzo: bikoni za zege (nguzo za mpaka), rangi, posho ya ukaguzi mara mbili kwa mwaka. Bikoni moja ionekane kutoka nyingine, maana ya chini ya nyasi za Mei hung'olewa na hakuna anayejua. Wafugaji wawe wajumbe wa kamati wenye sauti. Wasiwe waalikwa wa siku ya kutangaziwa. Mpango upite halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji wenye muhtasari na saini za mahudhurio. Sheria ndogo zipelekwe halmashauri ya wilaya mapema, kwa sababu faini inayotozwa kabla sheria ndogo haijaidhinishwa haina nguvu, na mtozwaji akienda mahakamani atashinda. Na katazeni, kwa maandishi, kiongozi yeyote kukodisha ardhi ya malisho au ya bwawa. Hiyo ndiyo njia ambayo maeneo ya pamoja huliwa kimyakimya: ekari tano mwaka huu, kumi mwakani, na mkodishaji wa kutoka mbali anakuja na karatasi yenye mhuri wa kijiji.

Mtaulizwa kwa nini serikali inabana sana bonde hili. Sababu mojawapo iko mbali na macho yenu: zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji yanatoka Kilombero, na maji hayo ndiyo yanayolisha Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Tope linaloshuka kutoka mashamba ya ukingoni na kingo zilizokanyagwa linaishia huko. Mkionyesha wilayani kwamba mpango wenu una mita 60 zenye alama, vijito visivyolimwa na idadi ya ng'ombe iliyohesabiwa kwa malisho ya masika, mtakuwa na hoja ya kutetea mashamba na malisho yenu yaliyobaki.

Kama Aprili haijapita, anzeni na matembezi ya masika sasa, hata kabla fedha za mpango hazijaja. GPS moja ya kuazima, mtumbwi na daftari vinatosha. Aprili ikipita, wapimaji watakuja kiangazi kama kawaida, na mtalazimika kusubiri mwaka mzima kuona bonde likiwa limejaa.